Manukato ya Lukmani

Kikombe cha kwanza kilinukia mdalasini. Kahigi akakirudisha mezani, akainama kwenye cha pili: karafuu. Cha tatu kilikuwa cha shamba jingine kabisa, nacho kikawa mdalasini na karafuu. Miaka kumi na tisa alikuwa mwonjaji katika kiwanda cha kahawa mjini Bukoba, na pua yake ndiyo iliyomjengea nyumba mtaani Nshambya. Watu husema uongo. Kahawa haikuwahi kumdanganya. Jumatatu ile vikombe kumi na viwili vilimdanganya vyote.

"Leo umejipulizia nini, kaka?" aliuliza Jovita, mwenzake wa meza ya kuonja, kwa hasira kidogo. Mwonjaji hajipulizii kitu siku ya kazi. Hata sabuni yake haina harufu.

"Sijajipulizia kitu," Kahigi alijibu, na ilikuwa kweli. Alipuliziwa Jumamosi, na tangu hapo alikuwa ameoga mara nne.

Jumamosi hiyo alikwenda Muleba kwa Lukmani, rafiki yake tangu shuleni, anayeuza manukato karibu na stendi. Urafiki wao haukuwa wa kupungiana mkono barabarani. Wakiwa vijana walikula omukago, udugu wa kiapo: tunda moja la kahawa, punje mbili, kila mmoja akatafuna yake. Mmoja Mlutheri, mwingine Mwislamu, lakini tangu siku ile chako changu, changu chako.

"Nipimie haya, ndugu yangu," Lukmani alisema akimpulizia shingoni. "Ya wanaume, ya baridi hii ya Juni. Nikiyasifu mimi wanasema ni maneno ya muuzaji. Ukiyasifu wewe wananunua."

Kahigi alifumba macho, akavuta. Mdalasini na karafuu vilitangulia, iliki ikafuata, kisha udi na vanila vikatulia kifuani kama koti zito. "Haya ni ya joto hasa," alisema. "Ya kwendea ofisini, pulizia mara moja tu, ukizidisha utawafukuza watu. Ila kwa asubuhi za ukungu, sijaona mfano wake."

Lukmani hakucheka. Alipasua tunda kavu la kahawa, akampa punje moja, nyingine akaitia kinywani. "Tutafune, kama zamani." Kahigi akatafuna. Angeuliza nini?

Jumatano hakusikia tena harufu ya chai. Jioni ya Alhamisi, akiwa anaoga, alisikia nyuma ya kisogo chake mtu akivuta pumzi kwa pua, taratibu, kwa raha, jinsi yeye mwenyewe anavyonusa kikombe kizuri, na kila pumzi ilipovutwa harufu moja ilitoweka, kwanza sabuni ya mkewe, kisha moshi wa kuni, kisha ndizi zilizokuwa zikichemka jikoni, kisha udongo uliolowa chini ya migomba, mpaka akatoka mbio na taulo, akamkumbatia mkewe Dativa mlangoni, akaingiza pua shingoni mwake na asikute kitu, asimkute hata yeye, mdalasini tu.

Dativa alikuwa akitazama nyuma ya bega lake. "Baba Adventina," alinong'ona, "nani huyo anayevuta pumzi?"

Hapakuwa na mtu.

Ijumaa Kahigi aliomba ruhusa kazini, akaenda kwa Bi Ashura, mwanamke wa Bukoba anayetibu watu wenye majini. Bi Ashura hakupiga ngoma wala hakufukiza ubani. Alikata kitunguu, akakiweka chini ya pua ya Kahigi, akaona hapepesi hata jicho.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Jini hili halikukuvamia, mwanangu. Umekabidhiwa. Ulikula nini, na nani?"

Kahigi alimweleza. Bi Ashura akakiweka kitunguu kando.

"Linakula harufu. Mimi nitakusomea, lakini ni kazi ya miaka, na pua sikuahidi. Njia nyepesi ni moja: litoke lilivyoingia. Tunda moja, punje mbili, kwa mtu anayekuamini. Kwa aliyekupa halirudi." Akamkazia macho. "Na hiyo mimi siifanyi."

Kahigi alipanda basi la Muleba saa ile ile. Alimkuta Lukmani peke yake dukani, chupa zote zimefunguliwa, anainusa moja baada ya nyingine huku machozi yakimtoka kwa furaha. Alipomwona Kahigi hata hakukana.

"Mwaka mzima nimeuza kwa kukariri lebo," alisema kwa sauti ya chini. "Lilikuja na mzigo wa mafuta. Nilikuwa nakufa, Kahigi."

"Kwa nini mimi?"

"Mwingine yeyote angeuliza kwanza."

Hilo lilimuuma Kahigi kuliko jini lenyewe. Alitamani Lukmani angesema alimchukia, alimwonea wivu, lolote. Kumbe alichaguliwa kwa sababu ya mapenzi yake. Alitoka bila kuaga. Pale stendi alinunua kifurushi cha kahawa ya kutafuna, na basi lilipokaribia Bukoba alikuwa ameshaamua, na aibu ya uamuzi ule ilimfanya ashindwe kumtazama hata jirani yake wa kiti. Jumatatu iliyofuata kiwanda kilikuwa kinapokea mzigo mkubwa. Bila pua hakuna kazi. Dativa alikuwa mshonaji. Mshonaji ataishi bila kunusa.

Alimkuta barazani anamenya ndizi. Jua lilikuwa bado kidogo kuzama. Akaketi karibu naye, akachagua tunda zuri, akalipasua. Punje mbili.

"Dativa," aliita.

Mkewe hakuinua macho. Kisu mkono wa kulia, akanyoosha wa kushoto, kiganja wazi, akasubiri. Hakuuliza.

Kahigi alikitazama kiganja kile chenye utomvu wa ndizi. Kisha akatia punje zote mbili kinywani mwake, akazitafuna, akazimeza.

"Mawe, mama yangu! Mchoyo wewe!" Dativa alicheka, akampiga begani. "Hata moja?"

"Hata moja," alisema Kahigi, na nyuma ya kisogo chake kikasikika kitu kikivuta pumzi, taratibu, kwa raha.