Redio Mbili na Njia ya Nakitenge

Asubuhi hiyo Hamisa alikuwa uani akianika makopa ya muhogo. Mumewe, Thabiti, akaja na betri za redio mkononi. Akazipanga pembeni mwa ungo, juani. Betri zilikuwa zimechoka, na jua huzirudishia nguvu kidogo.

"Baba Halima, toa madude yako kwenye chakula changu," Hamisa akasema.

"Nayo yanataka kula, mama Halima."

"Haya. Jioni nitakupakulia betri kwa mchuzi."

Thabiti akacheka, lakini betri hakuziondoa. Pale kijijini Msimbati redio zilikuwa chache. Jioni majirani walikuja kwake kusikiliza habari, na walikuja na watoto, na watoto walikuja na fujo. Hamisa alilalamika kila siku, na kila siku alitandika mkeka.

Miaka ile kulikuwa na vita ng'ambo ya mto Ruvuma, nchini Msumbiji. Wareno walikuwa bado wanatawala huko. Wapigania uhuru walikuwa wanapambana nao, na Tanzania iliwaunga mkono. Mama yake Hamisa, Bi Mwanaamina, alizaliwa ng'ambo hiyo. Vita vilipopamba moto alivuka mto akaja kukaa kwa binti yake. Nyuma aliacha nyumba, shamba la mikorosho na kaburi la mumewe. Kijiji chake kiliitwa Nakitenge.

Thabiti alisikiliza redio yetu, ile ya serikali, kutoka Dar es Salaam. Bi Mwanaamina alipenda stesheni nyingine kwenye redio ileile. Hiyo ilikuwa ya Wareno, lakini aliyesema alikuwa Mmakonde. Tena Mmakonde hasa! Kwanza alisalimia. Akauliza hali za wazee, akauliza watoto wameamkaje, akanyamaza kidogo kama mtu anayengoja jibu. Ndipo alipoanza kusema.

"Huyu kijana amelelewa," Bi Mwanaamina alisema. "Hawa wa Dar es Salaam wanaanza tu kunifokea habari, hata hodi hawapigi."

Kijana aliyelelewa alisema hivi: wapiganaji wamefukuzwa, nyumbani sasa kumetulia. Korosho zinaanguka, na wanaookota ni nyani. Rudini. Kila mwanamke atakayerudi atapewa kanga mpya.

Thabiti hakuipenda sauti ile hata kidogo. Lakini atafanyaje? Kwa desturi yao, mtu habishani na mama mkwe wake. Hata kuzungumza naye ana kwa ana ni shida. Maneno yote hupita kwa mke. Basi Thabiti alimgeukia Hamisa, na mama mwenyewe ameketi palepale, anasikia kila neno.

"Mwambie mama, hiyo ni redio ya adui."

"Mama, anasema hiyo ni redio ya adui."

"Mwambie mumeo, adui hawezi kujua kuwa korosho zangu zinaliwa na nyani."

Hamisa alichoka kuwa daraja.

Jioni moja redio yetu ikatoa habari kubwa. Mtangazaji alisema kwa furaha kwamba wapigania uhuru wameiteka kambi ya Wareno ya Nakitenge. Adui amekimbia. Wananchi wanashangilia. Thabiti aliruka juu akapiga makofi. Majirani nao wakapiga makofi, na mtoto mmoja akaanguka kwenye mkeka kwa kucheza.

Bi Mwanaamina alingoja kelele ziishe. Kisha akasema, "Hamisa, mwambie mumeo. Redio yake inasema Nakitenge kumekuwa shwari. Redio yangu inasema hivyohivyo. Sasa anabisha nini?"

Thabiti akakuna kichwa. Redio hizi mbili hazikuwahi kukubaliana hata siku moja. Kama mahasimu wawili wanasema neno moja, si ni kweli?

"Mwambie mama, ameshinda," akasema. "Jumamosi nitamvusha mimi mwenyewe. Nitamsaidia kuokota korosho, nizuru na kaburi la baba."

Bi Mwanaamina akafunika uso kwa kanga akalia kwa furaha.

Hapo ndipo walipokosea, na mimi siwacheki. Walichukua habari mbili za washindani, kila mmoja akijisifu, wakadhani wamepata ushahidi wa mashahidi wawili. Angalia vizuri, msomaji. Mmoja alisema, "Nimewashinda, kwa hiyo kumetulia." Wa pili naye alisema, "Nimewashinda, kwa hiyo kumetulia." Wote wawili hawawezi kuwa wameshinda mahali pamoja siku moja! Lakini mtu akitaka sana kwenda nyumbani, hesabu kama hiyo haioni.

Hamisa hakulala vizuri. Mama yake na mumewe wangevuka mto pamoja. Wakipotea, atabaki na nani? Kumkataza mama alishindwa. Mumewe alikwisha kutoa neno. Kesho yake mchana alikwenda darasa la kisomo mapema kuliko wenzake.

Mwalimu wa kisomo aliitwa Veronika. Alitoka Iringa, na watu wa Msimbati walimtania kwamba bado anaogopa miiba ya samaki. Alikuwa anafuta ubao Hamisa alipoingia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama Halima. Mbona macho mekundu?"

Hamisa akamweleza yote. Mwalimu Veronika akaweka kitambaa chini.

"Niambie. Katika hizo redio mbili, nani alizungumza na mtu wa Nakitenge? Mwanamke mwenye kikapu, mtoto, mzee, yeyote."

Hamisa akafikiri. "Hakuna. Walisema wananchi wanashangilia. Lakini mwananchi mwenyewe hatukumsikia."

"Je, kuna aliyesema habari za njia? Kutoka mtoni mpaka shambani kwa mama?"

"Hapana."

"Basi mama yako anataka kupita njia ambayo hakuna aliyeisema."

Jioni hiyo mwalimu akaja nyumbani kwao. Majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika. Alikuwapo pia balozi wa nyumba kumi, Bwana Jumanne, mtu wa kukohoa kabla ya kusema. Habari zilipokwisha, mwalimu akaomba redio izimwe. Akawaeleza yale aliyomwambia Hamisa.

Bwana Jumanne akakohoa. "Mwalimu, hebu ngoja. Redio ya Mreno ni ya uongo, hilo tunalijua. Lakini wewe unatuambia tuitilie shaka redio ya serikali yetu? Na mshahara wako unalipwa na nani?"

Neno kama lile lingeweza kumharibia mwalimu kazi.

"Nalipwa na serikali," mwalimu akajibu. "Ndiyo maana hata mimi mniulize. Bwana balozi, redio ya Mreno inalipwa na Mreno. Inataka watu warudi, ili wapigania uhuru wasipate wa kuwapa chakula. Redio yetu inalipwa na serikali yetu. Inataka tusikate tamaa, tuendelee kuwaunga mkono ndugu zetu. Mimi nawaunga mkono. Haki iko upande wao, sina shaka hata chembe. Lakini haki haifukui bomu lililofukiwa njiani."

"Kwa hiyo redio yetu imesema uongo?"

"Sijui. Pengine kambi imetekwa kweli. Lakini mtu anaweza kusema kweli tupu, akaacha lile unalolihitaji wewe. Habari ile ilitungwa ituchangamshe. Haikutungwa imwongoze bibi huyu shambani kwake. Lazima tutafute mtu aliyepita huko kwa miguu yake."

Bwana Jumanne akakohoa tena.

Bi Mwanaamina alikuwa amekasirika. "Mwalimu, wewe nyumbani kwenu Iringa unakwenda kila likizo. Mimi nizuiwe kwa nini?"

"Sikuzuii, bibi. Nakuomba twende kwanza Madimba, kijiji cha jirani. Nasikia kuna mwanamke amefika majuzi kutoka ng'ambo. Ukimsikia, ukitaka kwenda, nenda."

Mwanamke huyo aliitwa Salma. Alikuwa amefikia kwa shangazi yake. Kesho yake Bi Mwanaamina, Hamisa na mwalimu walimkuta anatwanga. Walipokwisha salimiana, Bi Mwanaamina hakuzunguka.

"Mwanangu, nasikia wanaorudi wanapewa kanga. Ni uongo?"

"Si uongo, mama. Wanatoa kweli. Hata mimi nilipewa." Salma akaonyesha kanga aliyojifunga. "Ukishapewa unapelekwa kwenye kijiji kipya. Kimezungushiwa seng'enge. Asubuhi unatoka na askari, jioni unahesabiwa. Ukitaka kwenda kwenu huruhusiwi. Mimi nilitoroka."

"Na kambi ya Nakitenge? Redio ya huku inasema imetekwa."

"Ilitekwa kweli. Tulisikia bunduki siku nzima. Baada ya siku chache Wareno wakarudi. Sasa sijui ni ya nani. Lakini njia ya mashambani haipitiki. Imetegwa mabomu. Dada yangu alikwenda kuchimba muhogo, akapoteza mguu. Siku ya pili akafa."

"Nani aliyeyatega?" Hamisa akauliza.

"Huku walisema ni wale, kule walisema ni hawa. Mguu wa dada yangu haukupata muda wa kuuliza."

Bi Mwanaamina akakaa chini kabisa, mchangani. "Na mikorosho? Ile iliyo karibu na msikiti?"

Salma akatazama kinu. "Imekatwa, mama. Askari waliikata ili waone mbali."

Mzee wa watu akalia. Safari hii hakufunika uso. Alimlaumu Salma, akamlaumu mwalimu, akasema heri angebaki na redio yake. Hamisa alimshika mabega, naye analia. Kuijua kweli kunauma, na asiyekubali hilo hajawahi kuijua.

Jumamosi ikafika, Thabiti hakuuendea mtumbwi. Bi Mwanaamina alishinda ndani, hakula. Jumapili akatoka, akaomba maji ya kunywa.

Kuanzia hapo usikilizaji ukabadilika nyumbani kwa Thabiti. Redio zote mbili zilisikilizwa, lakini habari zikiisha, redio ilizimwa na watu wakaanza kuulizana. Anayesema analipwa na nani? Anataka tufanye nini? Nani ameona kwa macho? Na mwenye jambo hili mwenyewe, mbona hatukumsikia? Siku moja redio yetu ilitangaza kwamba vijiji vyote vya pwani yetu sasa vinapata maji ya bomba. Wanawake wakatazama ndoo zao, wakamtazama balozi. Bwana Jumanne alikohoa kwa muda mrefu sana.

"Kesho nitakwenda wilayani kuuliza bomba letu limepotelea wapi," akasema mwishowe. Na akaenda. Bomba halikuja upesi, lakini fundi alikuja kukitengeneza kisima.

Msimu wa korosho ulipokaribia kwisha, sauti ya ng'ambo ilianza tena kuita watu. Safari hii ilisema msamaha umetolewa kwa wote. Mzee mmoja mkimbizi, Mzee Saidi, alikuja na furushi lake limefungwa tayari. Alitaka kuaga, aondoke na wenzake watano.

"Amesema kwa heshima kabisa," Mzee Saidi akasema. "Ametaja mpaka mtaa wetu."

Majirani wakamgeukia mwalimu, ambaye alikuwapo. Lakini aliyesema alikuwa Bi Mwanaamina.

"Saidi, ni nani aliyeona? Kuna mtu aliyerudi akasamehewa, akaja hapa akakwambia?"

"Redio imesema."

"Hata mimi iliniambia nyani wanakula korosho zangu. Nikaamini. Unajua kwa nini? Si kwa sababu ya Kimakonde chake kizuri. Niliamini kwa sababu usiku na mchana nilikuwa naziwaza korosho zile. Yule kijana hanijui mimi wala ukoo wangu. Anajua ninachokitamani, basi." "Nataka kwenda nyumbani kuliko wewe, Saidi. Kaburi la mume wangu liko kule. Ndiyo maana anayeniambia twende, siku hizi ninamwuliza mara mbili, awe wa Mreno, awe wa kwetu, awe hata huyu mkwe wangu."

Thabiti akainamisha kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza mama mkwe wake kumtaja bila kupitia kwa Hamisa.

Mzee Saidi alisimama pale mlangoni, furushi begani. Aliutazama upande wa mto. Kisha akaliteremsha furushi, akaketi juu yake, akasema, "Yuko wapi huyo Salma? Nataka kumsikia mwenyewe."