Uzi Mpya wa Roswitha

Kila siku akitoka shule mjini Graz, Roswitha alikunywa supu yake ya tambi, akaketi na selo yake, ile fidla kubwa, katikati ya magoti, akafanya mazoezi mpaka mama arudi kutoka kazini. Sheria ilikuwa moja: vigingi vya juu vinavyokaza nyuzi ni vya mwalimu wa muziki. Mtoto aguse tu skrubu ndogo za chini za kurekebisha sauti.

Jumatatu alijaribu kuzungusha kigingi. Pa! Uzi mwembamba ukakatika.

Hakumwambia mtu. Mazoezi ya onyesho pamoja na wenzake wawili aliyakwepa juma zima kwa kusingizia mafua, na asubuhi ya onyesho ndipo alipofunga uzi mpya mwenyewe, kimyakimya.

"Mgonjwa wetu kafufuka!" Ottokar, mpiga piano wao, alimtania ukumbini. "Usinipigie chafya mgongoni, tafadhali."

"Mwache, mdomo wee," alisema Zenzi, mpiga fidla. "Rosi, uko sawa?"

"Niko sawa."

Filimbi na kinubi vilitangulia, vikashangiliwa. Kisha wakaingia wao watatu. Hawakumaliza hata ukurasa wa kwanza, Roswitha akasikia uzi wake ukilegea na sauti ikishuka. Akasogeza kidole kuifuata, ikazidi kushuka. Piano haiwezi kushusha sauti yake imfuate mtu. Zenzi alimtupia jicho la kuuliza. Kila mmoja wao alikuwa na sauti yake peke yake, wala hapakuwa na mwingine wa kumfichia aibu. Kadiri alivyojitahidi ndivyo alivyoharibu. Noti zikaogelea katika machozi. Akashusha upinde. Wenzake nao wakaacha kupiga.

Mwalimu Haslinger alipanda jukwaani, akainama. "Kuna nini, mwanangu?"

"Nilikata uzi Jumatatu, Mwalimu. Sikuumwa. Huu nimeufunga leo."

"Leo! Uzi mpya huendelea kuvutika siku kadhaa kabla haujatulia."

Akawaomba wapiga klarineti waingie kwanza, na nyuma ya pazia akampa Roswitha selo yake mwenyewe, ya mtu mzima. Ilikuwa kubwa kwake. Waliporudi alikosea mara mbili, lakini walifika mwisho pamoja.

"Mnisamehe," aliwaambia wenzake. Zenzi alimkumbatia, Ottokar alijikuna kichwa tu.

"Mimi nimekata nyuzi nyingi," alisema Mwalimu. "Hilo ni dogo. Ila ungesema Jumatatu, tungeufunga pamoja, na leo uzi ungekuwa umetulia. Ukiharibu kitu, mwanangu, sema siku ileile, wakati bado tunaweza kukusaidia."