Msalaba wa Chaki

Je, umewahi kumwita mtu mwizi, kumbe kitu umekipoteza mwenyewe?

Fundi cherehani na mdogo wake wa kike walishona katika chumba kimoja kwa miaka tisa. Vyerehani viwili, uso kwa uso, chaki katikati. Siku ya kumchagua rais walitaniana tu. Kila mmoja alikuwa na mtu wake.

Matokeo yakatoka. Mtu wa dada alishinda kwa kura chache mno. Mtu wa fundi akaenda mahakamani.

"Mmetuibia!" fundi akafoka.

"Nani, kaka? Mimi niliyeshinda hapa napiga pasi?"

"Wewe na wezi wenzako!"

Maji yakimwagika hayazoleki. Dada akaviringisha mkasi wake kwenye kitambaa, akaenda zake. Wiki mbili fundi alikula peke yake. Alitaka kumwambia arudi, lakini kiburi kilimzuia.

Ndipo akaja jirani yao, mwalimu aliyesimamia kituo chao cha kura. Alileta sketi ya kupunguzwa.

"Mwalimu, nani ataamua? Wanaopiga kelele barabarani?"

"Kelele hazihesabu kura, fundi. Kila kituo kina fomu. Mawakala wa pande zote wanaisaini, nakala inabandikwa mlangoni. Asiyeridhika anapeleka ushahidi. Majaji wanalinganisha fomu. Wakiona shaka, wanaagiza kura zihesabiwe upya. Wakishaamua, basi."

"Na zilizoharibika?"

"Hazihesabiwi kwa yeyote. Kwetu zilikuwa saba. Moja inaniuma mpaka leo. Alama ya vema kwa huyu, msalaba mkubwa kwa yule! Alama ni moja tu, kwa unayemtaka."

Fundi akatazama kitambaa mezani. Kama kawaida yake, alikuwa amechora vema pa kubaki, msalaba pa kukatwa. Hata kwenye karatasi ya kura alifanya hivyohivyo. Chaki ikamdondoka.

Majaji waliagiza hesabu mpya. Matokeo yakabaki yaleyale. Pande zote mbili zikakubali, maduka yaliyofungwa kwa hofu ya ghasia yakafunguliwa.

Fundi akaenda kubisha kwa dada yake.

"Umekuja kunihesabu upya?" dada akauliza, bila kucheka.

"Hapana, mdogo wangu. Kura yangu hakuiiba mtu. Niliiharibu mwenyewe, nikakuharibia na wewe jina. Nisamehe. Cherehani chako nimekipangusa vumbi, nimekitia mafuta. Rudi tushone."