Nondo Katika Blanketi la Nyanya

Kila siku baada ya shule, Gesare alichuma maua ya pareto katika shamba lao karibu na Birongo, akayaanika juu ya mikeka, kisha akakimbilia kuruka kamba na wenzake kabla mvua haijawafukuza. Alikuwa msichana mwepesi wa mikono. Ulimi wake, kwa bahati mbaya, ulikuwa mwepesi zaidi.

Miezi hiyo baba yake alikuwa kazini Kericho. Mama yake, Drusilla, alikuwa akimuuguza nyanya hospitalini, na alirudi nyumbani kwa ajili ya Sabato ya Jumamosi tu; siku nyingine Gesare aliangaliwa na jirani. Nyanya alikuwa amedhoofika, na daktari alionya kwamba baridi ingeweza kumrudisha kitandani. Kwa hiyo mama alinunua blanketi zito la sufu katika duka la Bwana Ombui mjini Keroka, akalifungia katika sanduku la mbao kumngojea mgonjwa.

"Gesare, hii ni sufu, si pamba," mama alimwambia. "Nondo huipenda kuliko wewe unavyopenda ndizi mbivu. Kila Jumapili litoe blanketi, ulikung'ute, ulipige brashi na kulianika juani. Ukilirudisha, weka sandukuni maua makavu ya pareto uliyoyafunga katika kitambaa."

"Ndiyo, mama."

Jumapili ya kwanza alifanya kama alivyoagizwa, isipokuwa pareto, ambayo alisema ataiweka baadaye. Jumapili iliyofuata kamba ilikuwa ikizungushwa uwanjani, na sanduku likaonekana zito. Basi, likasahauliwa. Kila mama aliporudi na kuuliza, "Blanketi limepata jua?" Gesare alijibu, "Limepata, mama," bila hata kupepesa macho. Ajabu gani hii! Maua yanayoua wadudu yalijaa mikekani, na sandukuni halikuwemo hata moja.

Hatimaye nyanya akarudi nyumbani, amekonda, amejifunga leso nyepesi. Ilikuwa jioni ya baridi kali. Mama alifungua sanduku, na nondo wadogo wakaruka mbele ya uso wake. Alilishika blanketi kwa pembe mbili, akalikunjua.

"Nyasae one!" alipiga kelele, Mungu wangu!

Mwanga wa dirishani ulipenya kila mahali. Blanketi lilikuwa limetobolewa kama chekeche, na viwavi weupe walitambaa katika mikunjo yake. Gesare alirudi nyuma hatua moja. Hakujua kwamba wadudu wadogo namna ile wangeweza kufanya uharibifu mkubwa hivyo. Nyanya alitazama tu, akitetemeka kwa baridi.

"Gesare, si uliniambia unalianika?"

"Nililianika, mama."

"Basi Ombui ametuuzia kitu kibovu!"

Asubuhi walikwenda Keroka. Mama alilitupa blanketi juu ya kaunta, watu wakasogea.

"Bwana Ombui, nimfunike mgonjwa kwa chekeche?"

Ombui, mtu mzima mwenye mvi, alipigwa na butwaa. "Mimi, Mama Gesare? Ulilikagua mwenyewe hapo mlangoni. Lilikuwa zima."

"Na mtoto wangu amelianika kila Jumapili! Au unasema mtoto wangu ni mwongo?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa akichagua shuka aliiweka chini. "Kumbe ndivyo anavyotuuzia!" alisema, akatoka. Wengine wakamfuata. Gesare alitarajia Bwana Ombui apige kelele ajitetee, lakini mzee yule aliketi polepole kwenye kiti chake, midomo ikimtetemeka. Gesare hakuwahi kumwona mtu mzima akikaribia kulia. Alimvuta mama mkono.

"Mama," alisema. "Mama, Bwana Ombui hana kosa. Sikulianika. Nilikudanganya."

Mama alimtazama kana kwamba haijui sura yake.

"Kila mara nilipokuuliza?"

"Kila mara, mama."

Gesare alingoja kofi, lakini halikuja. Mama alitoka hadi mlangoni akamwita yule mwanamke wa shuka. "Dada, rudi tafadhali. Rudini nyote. Nimemsingizia mtu huyu. Kosa ni la nyumba yangu." Aliyasema hayo mbele ya watu waliomheshimu kanisani, na Gesare alitamani ardhi ipasuke immeze.

Bwana Ombui alishusha pumzi. "Yamekwisha, Mama Gesare," alisema. Alimpa Gesare uzi wa sufu wa kuzibia matundu ya blanketi na kumwonya, "Usilifue kwa maji moto, litapungua liwe la kitoto. Wala usilikamue, litapoteza umbo."

Kazi ikaanza. Gesare alilianika blanketi juani, akapiga brashi kila mkunjo na kuwatoa viwavi wote. Alilifua kwa maji baridi yenye sabuni iliyokwisha kuyeyuka, akalibonyeza taratibu, akalitandaza juu ya mikeka ili likauke bila kuvutika. Kisha akaketi kando ya kitanda cha nyanya, ambaye wakati huo alifunikwa kwa blanketi la mama, na nyanya akamfundisha kuziba tundu moja baada ya jingine. Wenzake walimwita akaruke kamba. Hakwenda.

Siku aliyomaliza, alimfunika nyanya hadi mabegani. Blanketi lilikuwa na mishono mingi, lakini lilikuwa na joto. Nyanya alimshika mkono.

"Mjukuu wangu, nondo walikula sufu, nasi tumeishona. Lakini uongo wako ulikuwa ukila jina jema la mtu. Jina likitoboka, utalishona kwa uzi gani?"

Gesare alikumbuka midomo ya Bwana Ombui ikitetemeka. Aliinamisha kichwa, akalia.