Nyuzi za Utumbo

Sina hamu na nyumba ya mtu anayeishi peke yake, ila maziwa yakikaa yanaharibika. Jioni ile nilibeba kidumu, nikateremka kihambani, kati ya migomba ya ukoo, mpaka kwa shemeji yangu Aminieli, mdogo wa mume wangu. Mpiga fidla. Bingwa wa kujisifu pia.

Winfrida, mwanangu wa miaka saba, nilimwacha kwa babu yake. Alikuwa hasemi tangu Pasaka. Aliamka asubuhi, akafungua mdomo... kimya. Hospitali hawakuona tatizo. Baba mkwe, pamoja na Ulutheri wake wote, akachinja mbuzi kuiomba mizimu ya ukoo irudishe sauti ya mtoto. Utumbo ulitakiwa kufukiwa chini ya migomba siku hiyohiyo, usitumiwe na mtu. Aminieli akajitolea kuufukia. Nilimshukuru sana.

Kabla sijafika mlangoni nikasikia fidla. Wimbo niliujua. Alikuwa akijiandaa kwa tamasha la muziki wa Baroki mjini Moshi, ule wa Ulaya wa miaka mia tatu iliyopita. Kwa nyuzi zake za chuma wimbo ulikuwa ukikimbia na kukata masikio. Jioni ile ulikuwa mzito, una mkwaruzo. Kati ya noti na noti kulikuwa na pumzi.

Na harufu... ya nyama iliyokauka.

"Karibu, shemeji," alisema bila kusimamisha upinde. "Sikia. Wazungu wenyewe wa enzi zile waliusikia hivi. Chuma kinapiga kelele tu. Utumbo unaongea, aisee."

"Utumbo gani?"

Nilizitazama nyuzi. Za njano, zimesokotwa kwa mkono.

"Shemeji... ule utumbo uliufukia?"

"Nyuzi hizi huku hazipatikani," alinong'ona. "Na mbuzi alishachinjwa. Wazee walishapata damu yao."

Nilifungua mdomo nimtukane. Upinde ukagusa uzi mwembamba.

"Mamaaa..."

Kidumu kikaniponyoka, maziwa yakasambaa sakafuni.

Ilikuwa sauti ya Winfrida. Vilevile anavyovuta neno hilo akitaka kubebwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nisingekosea.

"Umesikia eeh?" Aminieli alikuwa analia. "Nilidhani nimechanganyikiwa. Nimerudisha nyuzi za chuma, fidla hiihii, wimbo huuhuu. Hasemi kitu. Nikifunga za utumbo, anaita."

Nilinyakua kisu mezani. Niliona nyuzi zikikatwa na kufukiwa, sauti ya mtoto itarudi. Nikaanza na uzi mnene.

Tap!

Simu yangu ikaita. Baba mkwe.

"Yuditha, njoo! Mtoto ameanguka! Mkono wake mmoja hausogei!"

Kisu nilikiweka chini taratibu.

Huu ni mwezi wa pili tangu jioni ile, na mkono haujapona. Mchungaji ameomba mpaka amechoka. Baba mkwe anasema cha mizimu kikishaguswa hajui kinarudishwaje. Tamasha Aminieli hakwenda. Kila jioni nateremka kwake, namwambia, "Piga." Anapiga polepole, asizichoshe nyuzi tatu zilizobaki. Namuuliza mwanangu kama amekula, kama mkono unauma. Mara nyingine hujibu, kwenye uzi mwembamba. Kisha napanda nyumbani nikamkute amekaa jikoni, midomo ameifumba, akinitazama. Nampenda mwanangu, lakini siku hizi namwogopa.

Jana mvua za vuli zilianza. Aminieli alinionyesha uzi mwembamba. Umeanza kuchanika.

"Utumbo haudumu kama chuma, shemeji," alinong'ona. "Tukipiga, utakatika. Tusipopiga, unyevu utauozesha."

"Umebakiza muda gani?" nami nilinong'ona.

Aliilaza fidla mezani, akaweka upinde mbali, akarudi nyuma mpaka ukutani.



Ndipo fidla, bila kuguswa, ikauliza:

"Mama... mnanificha nini?"