Taa ya Chumba cha Nne

Rafiki yangu, fundi wa injini melini, alitumwa asubuhi kusoma taa za kifaa kinachopima mvuke wa mafuta ndani ya injini. Injini ilizimwa tangu juzi, ikapoa kabisa, lakini taa nyekundu ya chumba cha nne cha injini, inayoonya kuwa ndani kuna joto la kuweza kulipuka, ilikuwa inawaka. Mle ndani kitu kilikuwa kinagonga, polepole.

Akampigia simu mkuu wake. "Mkuu, kuna mtu anagonga chumba cha nne."

Mkuu akacheka. "Ndicho kilichomlipukia mwenzako aliyekutangulia. Naye alinisumbua na taa hiyohiyo, nikamwambia achape kazi. Fungua, umsalimie."

Akalegeza nati za mfuniko wa chumba hicho, akaufungua. Kugonga kukakoma. Ndani hamkuwa na mtu. Ila upande wa ndani wa mfuniko, kwenye utando wa mafuta, palikuwa na alama za viganja viwili, na hapo tu chuma kilikuwa cha moto.