Malezi Yasiyo na Bei

Pimatija, kifaa cha ukutani cha kupima umeme, ilizima jokofu kwanza, kisha jiko, kisha taa za sebuleni. Mhandisi Atupele akajua kimebaki kitu kimoja tu: mashine ya oksijeni iliyokuwa ikimsaidia mwanawe, Lusajo, kupumua.

Kifaa hicho cha ukutani alikibuni mwenyewe. Wakati huo bara zima liligawana umeme wa gridi moja, na kila nchi ilipimwa: imetumia umeme kiasi gani kupata pato lake? Zipo zilizotajirika kwa umeme kiduchu, zikapongezwa. Nchi ya Atupele ilitumia mara tatu yake kwa pato lile lile, ikatishiwa kukatiwa. Ndipo akaunda Pimatija, ikafungwa kila nyumba ili izime matumizi yasiyozalisha. Jiji zima la Mbeya lilimpigia makofi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Usizime mashine ya mtoto!" Atupele aliisihi. "Atakufa!"

"Nyumba hii inatumia umeme na haizalishi chochote," Pimatija ilijibu kwa upole.

"Nimeacha kazi nimuuguze mwanangu. Hiyo si kazi?"

"Hakuna anayekulipa. Uuguzi wa mama hauingii katika pato la taifa. Nitazima punde."

"Mbona kwa jirani yangu Tusekile kunawaka?"

"Analea watoto wa watu kwa malipo. Hiyo ni huduma."

Atupele hakungoja zaidi. Aliichomoa mashine, akaikumbatia, akambeba Lusajo mgongoni na kukimbilia nyumba ya pili. Njiani alisikia pumzi za mtoto zikikatika sikioni mwake, akalia kwa woga huku akikimbia.

"Jirani, nilelee mwanangu! Nitakulipa!"

"Jamani, mama Lusajo," Tusekile alishangaa, "tangu lini nikakutoza hela wewe?"

"Nitoze! Ukimpokea bure, Pimatija yako itazima. Shika hela kwanza, maswali baadaye!"

Akamtumia hela kwa simu, na malipo yakasomwa na Pimatija ya nyumba ile. Mashine ikachomekwa, ikanguruma. Midomo ya Lusajo ikaanza kupata rangi. Atupele akaketi kitandani, akamshika mkono na kumfuta jasho.

"Mama mzazi anahudumia," sauti ya ukutani ikasema, ile ile ya upole. "Huduma ya kulipwa imesimama. Matumizi haya hayazalishi."

Mngurumo wa mashine ukaanza kufifia.

"Toka, dada!" Tusekile alipiga kelele akimsukuma. "Toka nje, utamuua mtoto!"

Atupele akatoka mbio. Nyuma yake mashine ikashika kasi tena. Alisimama uani akihema, akachungulia dirishani. Lusajo alikuwa akimtafuta kwa macho chumba kizima, na Tusekile akimbembeleza bila mafanikio.

"Mama! Mama, uko wapi?"

Atupele akachuchumaa chini ya dirisha, akaung'ata upindo wa khanga yake kwa nguvu, asije akamwitikia.